Maji ya moto yanasaidia, ila tuambieni joto lake

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na mkiona ndefu kateni popote pale ila msikate habari za mjomba wangu huko chini, maana hiyo ndo iliyonikalisha kitako kuandika.

Mimi mtu wa Tanga, mtoto wa mwisho, kwa hiyo mama yuko kwangu. Ana miaka 68 na miaka zaidi ya thelathini ya hiyo kakaanga bajia na maandazi barazani amekaa kwenye kigoda kifupi magoti yamekunjwa, leo magoti ndo yanadai. Hospitali walimpiga picha wakamwambia gegedu limelika, yaani ule mto laini unaokaa katikati ya mifupa umeisha, na kwamba ugonjwa huu hauponi, utaishi nao. Akapewa dawa ya maumivu, akaambiwa apunguze uzito na afanye mazoezi. Sasa mazoezi gani jamani mtu ambaye kwenda chooni tu usiku anapapasa ukuta?

Ndo jirani yetu mmoja akamwambia, dada Mwana twende maji moto. Wageni wakija Tanga wanapelekwa mapango ya Amboni basi wanarudi, ila huko huko Amboni kuna chemchemi ya maji ya moto yenye salfa, inaitwa Galanos, jina la Mgiriki mmoja wa enzi za mashamba ya mkonge, huyo huyo mwenye jina la ile sekondari. Harufu yake ni ya yai viza, hujaona maji bado ila pua ishajua umefika. Mama alivua viatu akakaa ukingoni miguu ndani, akawa anajimwagia magotini kwa kata kama anavyomwogesha mtoto, taratibu, huku anazungumza na magoti yake kabisa, haya baba tulia, haya baba tulia. Nusu saa hivi. Tulipofika nyumbani akapiga kelele, bangili yake ya fedha aliyoolewa nayo imekuwa nyeusi tii! Akaamini kuna mtu kamfanyia kitu. Kumbe ni ile salfa ikikutana na fedha inaifanya hivyo, nikaisugua kwa dawa ya meno ikarudi, lakini mpaka leo akienda anaivua ananishikisha mimi.

Usiku ule alilala. Nasema alilala, hakuniita saa nane nikamchue.

Basi kuanzia hapo ikawa kila wiki nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, watu wawili, na kila mtu na maelezo yake, huyu anasema ni salfa, huyu anasema ni wenyewe wa mapangoni wamempokea vizuri, huyu anasema ni imani tu. Mimi kwa kuwa nauli ni yangu nikaamua kujaribu kitu. Jumamosi moja nikakata pipa la plastiki, nikachemsha maji ya bomba nikachanganya mpaka yakawa ya vuguvugu la kukolea, mama akakaa kwenye stuli miguu ndani mpaka juu ya magoti, dakika ishirini. Hamna salfa, hamna harufu, hamna mapango. Akalala vile vile! Akanuna kidogo maana alikuwa anapenda ile safari.

Hapo nikaanza kuuliza wanaojua, na majibu niliyopata ndo nataka wasomaji wenzangu wayasikie maana ni mepesi tu. Joto linatanua mishipa ya damu, damu inafika kwenye misuli iliyokaza, misuli inalegea, na ngozi ikipata joto ile habari ya maumivu inayopanda kwenye ubongo inapungua nguvu kwa muda. Halafu kuna kuelea. Ukisimama kwenye maji yanayofika kitovuni miguu yako inabeba kama nusu tu ya uzito wako, yakifika shingoni inabaki kama sehemu moja ya kumi. Yaani mtu wa kilo 80 goti lake linabeba kama mtoto wa kilo 8. Sasa hebu fikiria goti lililolika, linalopiga kelele kwa kilo 80 likishuka ngazi moja, umelishushia mzigo mpaka kilo 8 na umelitia joto, ndo maana mama anaweza kulikunja mle ndani asipoweza nje. Na maji yenyewe yanauminya mguu pande zote, wenye miguu ya kuvimba wanalijua hilo, wanaingia viatu vinabana wanatoka vinapwaya.

Mwanamama mmoja wa mazoezi ya viungo, hawa tunaowaita fizio, ndo aliyenifungua macho zaidi. Aliniuliza nyinyi si watu wa Tanga? Bahari mnayo bure mnahangaika na pipa la nini? Akasema kukaa kwenye maji ya moto kunatuliza, ila kinachomjenga mgonjwa wa magoti ni kutembea ndani ya maji, maana pale anaweza kufanya mazoezi ambayo nchi kavu hayawezi, misuli ya paja ikipata nguvu inalibebea goti mzigo. Maji ya bahari yetu si ya moto lakini si ya baridi pia, hasa miezi ya kaskazi.

Kwa hiyo saa hizi mama ni mtu wa ufukweni, Raskazone. Mara tatu kwa wiki maji yakijaa, yeye na akina mama wenzake wanne, madera na kanga vimefungwa kiunoni, raba miguuni kwa ajili ya miiba ya nungu wa baharini, wanaingia mpaka kifuani wanatembea kwenda na kurudi wameshikana mikono kama watoto wa chekechea, wanahesabu kwa sauti, wakifika mia wanapumzika wanasengenya kidogo wanaanza tena. Siku ya kwanza vijana pale waliwacheka sana. Wiki ya sita hivi mama alisali kwa kusimama, alikuwa anasalia kiti zaidi ya mwaka. Siongezi neno hapo.

Lakini nisije nikawa kama hao wanaotangaza tiba redioni. Gegedu halijarudi na dawa zake anakunywa. Na wanaofanya utafiti wenyewe hawajisifu sana, kuna mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, hao wanaokusanya tafiti za tiba na kuzipima, yalikusanya majaribio 13 ya watu karibu 1,190 wenye goti au nyonga zilizolika, wakaona mazoezi ya majini yanapunguza maumivu na yanasaidia mtu kujimudu, ila kiasi kidogo na kwa muda mfupi baada ya kumaliza, maana yake ukiacha linarudi, kama kupiga mswaki tu. Kwa habari ya maji ya madini yenyewe, salfa na chumvi na nini, ushahidi ni dhaifu zaidi, baadhi ya wagonjwa wanapata nafuu ila kujua nafuu imetoka kwenye madini au kwenye joto au kwenye kupumzika tu na kubadili hewa ni kazi. Hizi chumvi za kuloweka zinazouzwa eti madini ya magineziamu yanapenya kwenye ngozi yanaenda kwenye mfupa, hilo la kupenya halijathibitika vya kutosha, unanunua joto la maji kwa bei ya chumvi.

Na si Tanga peke yetu. Ukienda Uganda kule Kitagata wilaya ya Sheema, watu wanatoka mbali na mikeka na vyakula wanakaa siku nyingi kwenye maji ya moto, na bwawa moja wamelibatiza Mulago, jina la hospitali kubwa ya Kampala, sijaona sifa kubwa kuliko hiyo kwa dimbwi la maji. Kenya kule Olkaria wametengeneza bwawa la kuogelea kwa maji yanayotoka kwenye visima vya umeme wa jotoardhi. Bogoria nako kuna chemchemi kali mpaka watu wanachemshia mayai. Hebu mlishike hilo la mayai, maana wote tunasema maji moto maji moto kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe kuna ya kukaa mtoto na kuna ya kuchemsha yai, na kwa macho yanafanana.

Sasa mjomba.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, ana kisukari mwaka wa 14 huu. Mtu wa kujitunza, hali wali usiku, daftari lake la sukari kaliandika vizuri kuliko daftari la duka. Miguu ikaanza ganzi, anasema ni kama amevaa soksi muda wote. Akasikia tangazo, kuna kituo (jina sitaji na msinitumie meseji kuuliza) wanatibu ganzi, miguu kuwaka moto, kiuno, nguvu za kiume, kila kitu, kwa kuloweka miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi ya mawe na majani. Akalipia vipindi kumi. Walimwambia ganzi inatoka kwa jasho.

Kipindi cha tatu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki miguu kwenye beseni la bluu, anaangalia mpira kwenye tivii. Kijana wa pale akamuuliza mzee vipi maji, akajibu yamepoa mwanangu, ongeza. Akaongeza. Baada ya muda akauliza tena, mzee akasema bado, ongeza. Mhariri, hakuyasikia! Yule kijana alikuwa anaiuliza miguu ambayo haina majibu. Mtu wa pembeni ndo aliona rangi ya ngozi, walipoitoa miguu ngozi ya juu ya vidole ilikuwa imejikunja kama nyanya uliyoimwagia maji ya moto ili uimenye. Na mjomba bado anasema mbona haiumi.

Alikatwa vidole viwili mguu wa kulia. Cha tatu waliokoa. Alikaa wodini wiki tano.

Kuna hesabu ambayo kila nyumba ingeijua: maji ya nyuzi 60 yanamuunguza mtu mzima vibaya ndani ya sekunde chache, ya nyuzi 50 ndani ya dakika chache. Maji ya kuchemka ni 100, kwa hiyo ukichanganya kwa kukisia kwenye beseni uko katikati ya hizo namba na hujui uko wapi. Mtu mzima wa kawaida atatoa mguu mwenyewe, mwili utamwambia. Mwenye kisukari kilichokula mishipa ya fahamu mwili haumwambii, na kidonda kikishaingia damu haifiki vizuri, hakifungi. Ndo maana kliniki za kisukari zinafundisha miguu ioshwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 37, maji yajaribiwe kwa kiwiko au na mtu mwingine mwenye hisia zake, miguu isilowekwe muda mrefu kwa sababu ngozi inalainika na kupasuka, ikaushwe vizuri mpaka katikati ya vidole. Mjomba alikuwa ameyasikia yote hayo kliniki. Ila kliniki wanakupa dakika tano na karatasi, tangazo linarudiwa redioni mara sita kwa siku, tena na wimbo.

Msinielewe vibaya, siwapigi vita wanaokanda na kuloweka. Bibi zetu wametukanda tukijifungua, nyumba gani ya pwani haijui sufuria la maji na majani na taulo, na mwaka 2020 nusu ya nchi ilikuwa chini ya shuka na nyungu. Maji ya moto ni yetu. Tena mwenye bawasiri akikalia beseni la maji ya vuguvugu dakika kumi na tano hata daktari atamwambia afanye. Ninachogombana nacho ni mtu kuuza kitu chenye nguvu kama hicho bila kipimajoto cha elfu chache na bila kumuuliza mteja swali hata moja. Unakunywa dawa gani? Una kisukari? Una mimba? Una kidonda? Mama yangu mwenyewe ana presha, siku moja kwenye pipa letu alinyanyuka ghafla akaona giza, nikamdaka kwapani, kumbe mishipa ikishatanuka kwa joto presha inashuka na vidonge vyake vinashusha pia, vinakutana. Tangu siku hiyo anakaa ukingoni kwanza, anakunywa maji, ndo anasimama. Hilo nililijua kwa bahati, nani aliniambia?

Halafu lile la mgonjwa kuambiwa na wauza tiba acha dawa za hospitali zinachanganya tiba, hilo ni la kumpeleka mtu polisi kabisa.

Nimesoma habari za Wajapani, wao kuoga maji moto ya chemchemi ni kama sisi na chai. Wana sheria yake, ya mwaka 1948, na ndani ya sheria hiyo mwenye bafu la chemchemi analazimika kubandika ukutani maji yana nini na nani hatakiwi kuingia. Bango tu! Hungaria daktari anakuandikia bafu la maji ya madini kama anavyoandika sindano, na bima ya afya ya taifa inachangia. Hawa wenzetu hawajayadharau maji yao wala hawajayafanya muujiza, wameyapima.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na naliandika hapa gazetini kwa sababu ofisini nimezungushwa mpaka nimechoka. La kwanza, kwenye hizi chemchemi zetu, Amboni na kokote kwenye maji moto watu wanakooga, halmashauri ziweke bango la Kiswahili, herufi kubwa mama asome bila miwani: leo maji hapa nyuzi kadhaa, pale nyuzi kadhaa, mwenye kisukari, mwenye kidonda, mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo amuone daktari kwanza, usikae zaidi ya dakika kadhaa, usizamishe kichwa wala kuvuta maji puani. Hilo la puani mtaniona nakuza mambo, ila kwenye maji yasiyo ya chumvi yakipata joto kunaweza kuishi kijidudu kinachopanda ubongoni kupitia pua, ni nadra sana lakini wakikipata wengi hawaponi, na kukiepuka ni bure. Na chuma cha kushikia jamani, watu wanaokuja pale ni wenye magoti mabovu, mnawaacha wanashuka kwenye mawe yenye utelezi kwa nne kama kaa.

La pili ni hivi vituo vya kuloweka na kufukiza. Kama kinyozi anakaguliwa wembe wake, anayeloweka miguu ya wagonjwa akaguliwe maji yake. Kipimajoto ndani ya beseni, daftari la maswali manne, mwenye ganzi arudishwe kliniki. Atapoteza mteja mmoja, sawa.

La tatu hili ni la ndoto zangu kidogo, sisi wa miji ya pwani tungepewa fizio mmoja tu wa hospitali akaja ufukweni asubuhi mara moja kwa wiki, maji yakiwa yamejaa. Bwawa Mungu kashatujengea, halihitaji pampu wala umeme wala tenda. Akina mama wenyewe wapo, walianza watano sasa wamefika kumi na moja, na kuna mzee mmoja wa kiharusi mwanawe anamleta anasimama nao kwenye mstari, hawamcheki wala hawamwonei huruma, wanamhesabia tu kwa sauti na yeye.

Mjomba hajaingia. Anakuja, anakaa kwenye ukuta wa juu na viatu vyake vya kufunika vidole, anawashikia mikoba na bangili. Daktari kamwambia mpaka kidonda kifunge kabisa na hata hapo asikanyage mchanga peku. Kesho maji yanajaa saa tatu asubuhi na nimeshaambiwa bajaji iwe mlangoni saa mbili, nisichelewe kama juzi.

Msomaji wenu,
Tanga